Settra yuko wapi? Kufumbua tetesi za wafu wa Warhammer

Mwaka 2015, ulimwengu wa kale wa Warhammer ulipokuwa ukielekea ukingoni, mfalme aliyekuwa amekufa maelfu ya miaka alisimama mbele ya adui yake mkubwa akiwa na nguvu za kummaliza, na hakummaliza. Mfalme huyo ni Settra wa Khemri. Adui yake ni Nagash, mchawi aliyewageuza watu wake kuwa mifupa itembeayo. Kabla ya hapo Nagash alimtaka Settra awe mtumishi wake, Settra akamjibu kwamba yeye hatumiki, anatawala, Nagash akamvunjavunja. Ndipo miungu ya Chaos, nguvu za uharibifu za ulimwengu ule, ilipoiokota mifupa ile na kuisimamisha upya, kwa masharti kwamba sasa Settra atakuwa mtumishi wao. Siku ilipofika, Settra aliinua silaha yake, akaishusha juu ya pepo wa miungu hiyohiyo, akamwachia Nagash onyo kwamba zamu yake itafika. Muda si mrefu ulimwengu wote ukasambaratika. Settra hajaonekana tena.

Tangu hapo swali moja limekataa kuzikwa: yuko wapi? Ukiwakuta mashabiki wawili wa majeshi ya wafu wakibishana, mara nyingi mzizi ni huo, hata kama mdomoni wanataja mengine: kwa nini jeshi lake liliondolewa, kwa nini likarudi, kwa nini likarudi upande mmoja tu, na wale askari wa mifupa waliokuja mwaka 2019 ni warithi wake au wamewekwa ili asahaulike. Nalipenda jeshi hili, na nimefuatilia mabishano hayo kwa muda mrefu. Ninachokiona ni kwamba ushahidi haukosekani. Tatizo ni kwamba ushahidi wa aina moja huletwa kujibu swali la aina nyingine, na hapo fundo hukazika badala ya kufunguka.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: Warhammer huchezwa mezani kwa sanamu ndogo ambazo mchezaji huziunga na kuzipaka rangi mwenyewe, kisha huzisogeza kwa kupima umbali na kurusha dadu. Kampuni ya Games Workshop ya Uingereza ilitoa toleo la kwanza mwaka 1983. Jeshi moja la mchezo huu huishi mahali patatu kwa wakati mmoja. Huishi katika hadithi, ambamo lina wafalme, vita na uchungu wake. Huishi katika kanuni, ambamo kila askari ana nguvu zake na pointi zake. Na huishi katika kalibu, yale mapande ya chuma ambamo plastiki hupigwa ikatoka sanamu. Kinachoishi mahali patatu kinaweza kufa mara tatu, tena vifo hivyo havifuatani. Mfalme aweza kuuawa hadithini huku sanamu yake ikiendelea kuuzwa. Jeshi laweza kukosekana madukani huku kalibu zake zimetunzwa salama. Shika jambo hilo, maana karibu kila tetesi nitakayoitaja hapa imejengwa juu ya kuvichanganya vifo hivi.

Jangwa walikotoka wote

Nyuzi zote huishia Nehekhara, nchi ya jangwa iliyochorwa kwa sura ya Misri ya mafarao: piramidi, magari ya vita yanayokokotwa na farasi, makuhani, maiti zilizokaushwa na kuviringishwa sanda. Settra alikuwa mkuu wa wafalme wake. Alitiisha kila mji, na kitu pekee kilichomshinda ni kifo. Akaweka makuhani watafute njia ya kukishinda. Walijifunza kurefusha maisha, lakini hawakuweza kuyafanya ya milele, na Settra akashuka kaburini na ahadi kwamba siku moja ataamka na mwili usioharibika, atawale milele katika nchi ya neema.

Vizazi vingi baadaye, katika mji uleule wa Khemri, akazaliwa Nagash, mwana wa kwanza wa mfalme. Kwa desturi ya nchi mwana wa kwanza alitolewa kwa makuhani, na kiti kikaenda kwa mdogo wake. Nagash alijifunza uchawi wa giza kutoka kwa mateka wa Dark Elves, akamzika mdogo wake angali hai, akaketi kwenye kiti na kujijengea piramidi nyeusi. Wafalme wengine waliungana wakamng'oa. Aliporudi, alirudi kulipiza kisasi: aliiua nchi nzima, kisha akaanza ibada kubwa ya kuwainua wafu wote wawe watumwa wake.

Ibada hiyo haikufika mwisho. Skaven, wale panya-watu waishio chini ya ardhi, walimfungua mfalme Alcadizaar aliyekuwa mfungwa wa Nagash, wakamkabidhi upanga wa kutisha, naye akamkatakata mchawi kazi ikiwa nusu. Wafalme wa Nehekhara wakaamka makaburini mwao, ila waliamka na akili zao, kumbukumbu zao na kiburi chao chote, ndani ya mifupa mitupu. Sijui mwanzo wa jeshi lolote la mchezo unaoniuma kama huu. Fikiria Settra anainua mkono autazame, akitarajia ngozi aliyoahidiwa, aone fundo za vidole na kitambaa kilichooza.

Wanyonya damu nao walitoka palepale. Katika mji wa Lahmia, malkia Neferata alitumia elimu ya Nagash kutengeneza dawa ya kuishi milele, na dawa hiyo ikazaa wanyonya damu wa kwanza. Hata uchawi wa kuinua maiti uliotumika katika vitabu vyao ukaitwa Invocation of Nehek: jina la jangwa limeganda katika maneno ya watu walioliacha zamani.

Kwa muda mrefu mchezo wenyewe haukuwatenganisha. Kitabu cha mwaka 1994 kiliweka wafu wote chini ya paa moja, mnyonya damu na maiti iliyokaushwa wakipigana bega kwa bega. Mwaka 1999 wanyonya damu walipata kitabu chao, Vampire Counts. Mwaka 2002 wafalme wa jangwa wakapata chao, Tomb Kings. Wapo wanaouona mgawanyo huo kuwa biashara tu, njia ya kuuza majeshi mawili mahali pa moja. Biashara ilikuwamo, sikatai. Lakini ndipo swali la Settra lilipopata maana. Katika jeshi la mnyonya damu kiunzi cha mifupa ni chombo, kama jembe. Bwana anakiokota shambani na kukitupa akimaliza. Katika jeshi la mfalme, kiunzi ni askari aliyekula kiapo akiwa hai na bado anakitimiza. Ukishakuwa na wafu wenye hiari, unaweza kuuliza watafanya nini. Jembe haliulizwi.

Kanuni nazo zililisema hilo kwa lugha yake. Majeshi yote mawili hayakimbii vitani kwa hofu, hubomoka. Kwa wanyonya damu, jeshi lilianza kubomoka jemadari akianguka. Kwa Tomb Kings, lilianza kubomoka akianguka kuhani mkuu, si mfalme. Mfalme ndiye anayeamuru, lakini kuhani ndiye anayeshikilia mifupa isimame. Kwa hiyo shabiki anayesema Settra atarudi peke yake, bila makuhani wake, anatakiwa kwanza aeleze nani atashikilia jeshi lake. Sijasikia nadharia inayolijibu swali hilo vizuri, na ni swali lililotoka kwenye kanuni zenyewe.

Kifo cha 2016, na sababu alizopewa marehemu

Mwaka 2014 kampuni ilianza mfululizo wa vitabu vya The End Times, na kitabu cha kwanza kilikuwa cha Nagash. Alipata sanamu mpya ya plastiki, kubwa na ya kuogopesha, na pamoja nayo wakaja Neferata, Mannfred na Arkhan juu ya wanyama wao wa mifupa. Wapenzi wa wafu walidhani neema imefika. Mwaka mmoja baadaye ulimwengu ule uliteketezwa, na Julai 2015 ukaja mchezo mpya, Age of Sigmar. Majeshi ya zamani yalipewa kanuni za bure ili wenye sanamu wasikose pa kuzichezea, Tomb Kings wakiwamo. Kisha mwaka 2016 sanamu zao zikaondolewa sokoni. Bretonnia, jeshi la mashujaa wa farasi, liliondoka nao.

Kwa nini? Hapo ndipo msitu wa tetesi ulipoota.

Sababu inayopendwa kuliko zote ni ya kisheria, na ina msingi wa kweli. Mwaka 2010 Games Workshop iliishtaki mahakamani huko Chicago kampuni ndogo iitwayo Chapterhouse Studios, iliyokuwa ikiuza vipande vya kuongezea kwenye sanamu zake. Uamuzi wa baraza la mahakama ulitoka mwaka 2013, na haukuipa Games Workshop kila ilichodai. Mashabiki wakaona mabadiliko baada ya hapo: majina ya kawaida yakaanza kubadilishwa kwa majina ya kubuni. Imperial Guard wakawa Astra Militarum. Katika Age of Sigmar, orc akawa orruk, na mbilikimo wa milimani akawa duardin. Hoja ikajijenga yenyewe: jina la kubuni linaweza kumilikiwa, lakini nani anamiliki piramidi? Nani anamiliki farao, au shujaa mwenye mkuki juu ya farasi? Majeshi mawili yaliyoondolewa mwaka 2016 ndiyo hasa yaliyofanana na historia ya dunia yetu.

Nakiri hoja hii inavutia. Inaeleza mambo mengi kwa neno moja, na hilo ndilo linalonitia shaka. Wapinzani wake husema sababu ni uzee wa sanamu: nyingi zilikuwa za miaka ya mwanzo ya 2000, za chuma au za resini, na duka lina nafasi yenye mipaka. Lakini nayo hii inavuja. Bretonnia kweli walikuwa wameachwa na kitabu cha zamani. Tomb Kings walipata kitabu kipya mwaka 2011, na pamoja nacho sanamu nzuri za plastiki, zile sfinksi kubwa na wapanda nyoka wa mawe, zilizokuwa na miaka mitano tu zilipoondolewa. Kalibu ya chuma ya kupigia plastiki ni ghali kuitengeneza, na hutengenezwa ili itumike miaka mingi. Uzee peke yake hauelezi kwa nini mtu aweke kando kitu cha thamani hiyo baada ya muda mfupi hivyo.

Yapo pia maelezo ya kihadithi: kwamba Tomb Kings waliondoka kwa sababu nchi yao iliangamia. Haya ndiyo dhaifu kuliko yote, na nashangaa yanavyorudiwa. Nchi za wote ziliangamia. Wanyonya damu waliipoteza nchi yao, Sylvania, na bado wakapewa makao katika ulimwengu mpya. Hadithi haikulazimisha chochote. Mwandishi angeweza kuwavusha kwa sentensi moja.

Tazama sasa yaliyofuata. Januari 2018, mchezo wa kompyuta Total War: Warhammer II uliwapokea Tomb Kings kama jeshi kamili, Settra akiwa kiongozi wake, kwa leseni ya Games Workshop yenyewe. Watu wengi wasiowahi kushika sanamu hata moja wakampenda mfalme yule, na maneno kwamba Settra hapigi magoti yakawa salamu ya mashabiki. Novemba 2019 kampuni ikatangaza kuwa ulimwengu wa kale utarudi mezani kwa jina la Warhammer: The Old World. Mchezo ulipotoka Januari 2024, majeshi mawili ya kwanza kwenye masanduku yalikuwa Tomb Kings na Bretonnia. Walewale wawili.

Kama tatizo lingekuwa kwamba piramidi haimilikiki, lingekuwapo pia mwaka 2024. Nadharia ya sheria haijafa kabisa kwa ushahidi huu, maana hofu ya kampuni ya mwaka 2015 yaweza kuwa imepoa baadaye. Lakini haiwezi tena kusimama kama sababu pekee. Na jambo kubwa zaidi lilikuwa ndani ya sanduku: viunzi vya askari vilikuwa vilevile vya zamani, vimetoka kwenye muundo uleule uliouzwa miaka ishirini nyuma, vikiwa pamoja na joka jipya la mifupa lenye mpanda wake. Kwa maneno mengine, kalibu hazikuwahi kufa. Walioomboleza mwaka 2016 waliombolezea kifo cha dukani wakidhani ni kifo cha kiwandani. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, ila kaburi lilikuwa tupu.

Askari wa mifupa wasio na kiburi

Tetesi ya pili ni nzito zaidi kwa sababu inatoka ndani ya hadithi. Mwaka 2019 Age of Sigmar ilipokea jeshi jipya la wafu, Ossiarch Bonereapers. Hawa hawakufukuliwa makaburini. Walitengenezwa. Nagash, ambaye sasa ni mungu wa mauti, anawatoza watu walio hai kodi ya mifupa. Mafundi wake huiyeyusha na kuifinyanga kuwa miili mipya, na ndani ya kila mwili huweka roho iliyounganishwa kwa vipande vya roho nyingi: ushujaa wa huyu, nidhamu ya yule, utii wa mwingine. Jemadari wao ni Katakros.

Walipotangazwa, mashabiki wengi walisema mara moja: hawa ndio Tomb Kings waliorudi kwa jina jingine. Ukitazama juujuu unaweza kukubali. Ni jeshi la mifupa lenye safu, cheo na nidhamu, tofauti na makundi ya maiti ya wanyonya damu. Arkhan, aliyekuwa mfuasi wa Nagash tangu Khemri na aliyekuwa na kanuni katika kitabu cha Tomb Kings cha mwaka 2011, alipewa nafasi katika jeshi hili jipya. Lakini nikitazama kwa karibu naona kinyume chake. Hawana sanda wala maandishi ya picha, hawana makaburi ya ukoo, na zaidi ya yote hawana hiari. Kila kilichowafanya wafalme wa jangwa wawe mwiba kwa Nagash kimeondolewa kwa makusudi. Nagash aliwahi kufufua watu kamili, na watu kamili wakamwasi. Safari hii ametumia vipande.

Kwa hiyo nasimama na wale wanaosema Ossiarch ni jibu la Nagash kwa Settra. Hii ni tafsiri yangu, lakini ina nguzo. Mwaka 2018 hadithi ya Age of Sigmar ilisimulia jinsi Nagash alivyojenga tena piramidi nyeusi kwa ajili ya ibada kubwa, na jinsi Skaven walivyojipenyeza ndani yake hadi ibada ikaharibika na kutikisa ulimwengu wote. Ibada ileile, piramidi ileile, panya walewale. Waandishi hawakurudia tukio hilo kwa bahati. Walikuwa wanatuonyesha mtu anayejaribu tena kosa lake la kwanza, akidhani amelirekebisha. Na katika kosa lile la kwanza, kilichobaki baada ya ibada kuharibika kilikuwa taifa la wafalme wenye hasira.

Hapo ndipo wenye matumaini hushika: kama sehemu zote za hadithi zimejirudia, basi nao wafalme watajirudia. Mimi nawasihi wapunguze mwendo hapo. Mwangwi ni ushahidi wa jinsi mwandishi anavyofikiri, si ushahidi wa anachopanga. Arkhan mwenyewe, aliyeonekana kuwa daraja kati ya Khemri na ulimwengu mpya, aliangamizwa hadithini mwaka 2021, katika vita ambavyo hata Nagash aliangushwa. Daraja lilivunjwa mbele ya macho yetu, na nadharia nyingi zilizopita juu yake zikaanguka nalo. Kwa upande mwingine, mwaka 2024 Ushoran, mmoja wa wanyonya damu wa kwanza wa Lahmia, alirudi na sanamu mpya kubwa baada ya mashabiki kumsubiri miaka mingi. Aliyetoka Nehekhara bado anaweza kubisha hodi. Ila aliyebisha alikuwa mnyonya damu, na njia ya wanyonya damu haikuwahi kufungwa.

Kalenda inayosahaulika

Kuna mabishano mengine ambayo yangekwisha kwa dakika tano kama watu wangefungua kalenda. The Old World ilipotoka mwaka 2024, wanyonya damu hawakuwamo kati ya majeshi makuu. Walipewa kanuni za bure tu. Zikasambaa tetesi kwamba kampuni imewachoka, au kwamba wanafichwa ili waje kwa kishindo.

Huenda kuna ukweli mahali fulani humo, lakini tazama kwanza wakati mchezo unapotokea. The Old World imewekwa katika kipindi ambacho Dola, himaya kubwa ya wanadamu, imegawanyika na watu kadhaa wanadai kiti, kabla ya mfalme Magnus kuiunganisha mwaka 2304 kwa kalenda ya Dola. Vita vikubwa vya wanyonya damu wa Sylvania vilikuwa vimekwisha. Vlad von Carstein alianguka kwenye kuta za Altdorf mwaka 2051. Mannfred, wa mwisho wa ukoo ule kuinua jeshi kubwa, alishindwa Hel Fenn mwaka 2145 na kuzama kwenye kinamasi. Atarudi, lakini baadaye sana. Mtu anayetaka kusimulia karne ile bila Sylvania kuwa mbele hakuvunja chochote. Anafuata mpangilio uliokuwapo tangu zamani. Wafalme wa Khemri, kwa upande wao, wako macho, wana majeshi, na hakuna aliyewazika upya. Kihadithi ni wao waliokuwa na nafasi.

Kalenda hiyohiyo inavunja kosa jingine, na hili linawakumba hata wanaolijua jeshi vizuri. Kurudi kwa Tomb Kings katika The Old World hakutuambii lolote kuhusu Settra baada ya mwaka 2015. Mchezo ule unasimulia mambo yaliyotokea kabla ya maangamizi. Settra wa The Old World hajakutana bado na Nagash wa siku za mwisho, hajavunjwa, hajakataa ofa ya miungu. Mtu anayeshangilia sanduku la 2024 kama ishara kwamba Settra ameokoka ni kama anayepata barua ya zamani ya ndugu aliyepotea na kudhani imeandikwa jana.

Abhorash naye ana tetesi zake, nami huzipitia haraka kwa sababu hazina pa kushika. Alikuwa shujaa mkuu wa Lahmia na mmoja wa wanyonya damu wa kwanza, akanywa damu ya joka, na kiu yake ikaisha. Tangu hapo kila knight asiye na jina, kila kivuli chenye upanga mlimani, kuna atakayesema ni yeye. Ni simulizi nzuri, lakini nadharia inayothibitishwa na kila kitu haithibitishwi na chochote.

Mraba na duara

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Katika uwanja huu methali hiyo hutimia nusu tu: lisemwalo mara nyingi linakuja, lakini si kwa mlango uliotazamwa. Watu walisema Tomb Kings watarudi. Wakarudi, lakini katika ulimwengu ambao mwaka 2016 hakuna aliyeutarajia ufufuke. Kwa hiyo ukitaka kupima tetesi mpya, anza na kitu kigumu kuliko maneno.

Kampuni yenyewe huwatega mashabiki kwa picha za vipande: mkono uliokatwa na ukingo wa picha, ncha ya fimbo, fuvu lenye taji. Kila kipande chenye mfupa huitwa Settra ndani ya saa moja. Lakini fuvu lenye taji linaweza kuwa la mzimu, la mnyonya damu, la Ossiarch au la mfalme, na kipande hakikuambii ni la mchezo gani. Kinachokuambia ni kitako cha sanamu. Sanamu za The Old World husimama juu ya vitako vya mraba, kwa kuwa jeshi hupangwa kwa safu na mistari, bega kwa bega. Za Age of Sigmar husimama juu ya duara, kwa kuwa kila askari husogea kivyake. Kitako hakitiwi chumvi na msimulizi. Kiliamuliwa pamoja na sanamu yenyewe, tangu ilipokuwa ikibuniwa, na watu waliojua inakwenda wapi.

Kwa kipimo hicho, yote yaliyotolewa kwa Tomb Kings tangu Januari 2024 ni ya mraba: viunzi vya zamani, sfinksi, magari ya farasi, hata lile joka jipya. Hicho ndicho tunachojua kuhusu Settra aliyeokoka au asiyeokoka maangamizi: katika hadithi ameachwa wazi, maneno yake ya mwisho kwa Nagash bado hayajalipwa, katika kanuni yuko, ila kwa zama za kabla ya kifo chake, na katika kalibu, mfalme wa Khemri juu ya kitako cha duara bado hajapigwa. Mimi naendelea kutazama miguu ya kila sanamu kabla ya kutazama taji lake.